Nyumba Hii Haiuzwi, na Nyingine Nilizozikagua

Kwa miezi saba, kila Jumamosi asubuhi, niliondoka Sinza, hapa Dar es Salaam, na bisibisi ndani ya mkoba. Dalali wa kwanza aliyeiona alidhani naogopa vibaka. Nikamwacha na mawazo yake.

Ofisini waliniona nimechanganyikiwa. Mtu akipata vijisenti ananunua kiwanja Chanika au Kibamba, anapandisha nyumba taratibu, anahamia kabla ya madirisha. Mimi foleni imeshanila vya kutosha. Nilitaka nyumba iliyokwisha kusimama, mjini, hata kama ni gofu, niifufue chumba kimoja kimoja huku vingine vikiingiza kodi. Nilikuwa nawinda zile nyumba zetu za Kiswahili: vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, korido katikati, jiko na choo uani, na baraza mbele ya kukalia jioni.

Temeke ndiko nilikoanzia. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri kabisa, kona, mtaa umetulia, ila ukutani palikuwa na herufi nyekundu za urefu wa mkono: NYUMBA HII HAIUZWI. Dalali akaniambia, "Hayo ya zamani dada, walishapatana." Sasa kama walishapatana, kopo la chokaa la kufutia lilikuwa ghali kiasi gani? Nikavuka barabara nikanunua vitumbua kwa mama mmoja aliyekuwa anakaanga. Kabla sijamaliza cha pili nilikuwa najua warithi ni wanne, anayeuza ni mmoja, na wawili hawajaambiwa. Kwa asiyejua, maandishi yale huandikwa na ndugu ambao hawajakubaliana, ili mnunuzi asije kusema hakuonywa. Hela ya kutembezwa dalali hakunirudishia, bila shaka.

Kimara sikukaa hata robo saa. X nyekundu ya kubomolewa ilikuwa imepakwa juujuu rangi ya krimu, jua likaitokeza. Watu wa huko bado wanaikumbuka bomoabomoa ya 2017, ya kupanua Barabara ya Morogoro. Nilimshukuru mwenye nyumba, nikaomba maji ya kunywa, nikaondoka.

Magomeni Suna ndiyo ilinifundisha. Bei ilikuwa ya chini mno, na vyumba vilikuwa vinang'aa. Nikajiuliza kwa nini kuta zimepakwa rangi mpya mpaka kifuani tu, juu yake rangi ni ile ya zamani, imefubaa. Nikaingia chumba cha mwisho, nikasukuma kabati lililosahaulika nyuma ya mlango. Pale fundi wa rangi hakupafikia. Kulikuwa na mstari wa tope, umenyooka kama umepigwa kwa kamba, usawa wa kwapa langu. Hilo ni Bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafanya watu wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, na mpaka leo mvua ikikaza pale Jangwani hata mabasi ya mwendokasi husimama. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia. Hatukusemezana. Nilirudisha kabati.

Baada ya hapo nikajiwekea sharti: nyumba nikiipenda kiangazi, narudi Aprili na mwavuli.

Tuliyoinunua iko Magomeni, upande wa Mwembechai, dakika chache kwa miguu kutoka kituoni. Bei siitaji kwa sababu mama mkwe anasoma humu. Kinachochosha si bei ni makaratasi: mita ya luku, yaani ya umeme, ilikuwa kwa jina la babu aliyekwisha fariki, hati nayo vilevile. Tulisubiri mpaka mahakama ya mwanzo ikateua msimamizi wa mirathi, tukafanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, warithi wote wakaja kusaini mbele ya wakili, pamoja na shangazi yao aliyetoka Kilosa na kuku wawili. Kila aliyesaini nilimpiga picha ameshika kalamu. Baba watoto alisema nimezidi. Nimezidi, ndiyo, ndugu yangu, nilishakula vitumbua vya Temeke.

Sasa kuta.

Vyumba vya mbele vilishajengwa upya kwa tofali za bloku. Vya nyuma vilikuwa vile vya asili, boriti na udongo, vimevikwa lipu ya saruji juu. Nilipogonga kwa kishikio cha bisibisi, mbele iliitika ko-ko, nyuma ilitoa mlio wa ngoma iliyolegea. Fundi akabandua lipu, ikaanguka kipande kizima kama sahani. Boriti ya mkoko ya tangu enzi hizo ilikuwa ngumu, bisibisi ilidunda. Jirani yake, mti wa mrunda uliochomekwa miaka ya karibuni, uliingilika kama muhogo uliochemka. Mchwa walikuwa wameacha ganda tu.

Tatizo kubwa lilikuwa chumvi. Kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno ukuta ulikuwa umetoka unga mweupe, rangi imefura na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Fundi wa kwanza aliniahidi: "Mama, tunapiga lipu nzito, rangi ya mafuta juu, hutaiona tena." Nikalipa. Baada ya miezi minne niliiona tena, safari hii imepanda mpaka usawa wa swichi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za chokaa Unguja. Alipofika hakuangalia ukuta, alitoka nje akaangalia chini. Uani walikuwa wamemwaga zege juu ya zege kwa miaka, mpaka nje pakawa juu kuliko ndani. Mabati hayakuwa na mfereji, kwa hiyo maji ya paa lote yalidondokea mguuni mwa ukuta. Maji yanapanda na chumvi ya ardhini, yanatafuta pa kutokea, saruji inayazuia, yanazidi kupanda. "Wewe umeuvalisha koti la mvua mtu aliyeloa," akaniambia.

Tukakata zege uani, upana wa hatua moja kuzunguka ukuta, tukajaza kokoto. Tukafunga mifereji. Ndani tukabandua lipu yote ya chini, tukafagia chumvi kwa brashi kavu na kuizoa kwenye ndoo. Alinikataza kabisa kuosha, kwa kuwa chumvi ikipata maji inarudi ndani. Kisha tukauacha ukuta uchi. Lipu ya chokaa itakuja ukishakauka.

Chumba chenye ukuta huo kingekuwa na mpangaji muda mrefu. Kuna binti mmoja, anauza vitenge Kariakoo, ananipigia kila mwisho wa mwezi: "Mama, bado tu unakausha?" Bado. Kila Jumapili nachora mstari kwa penseli pale unyevu unapoishia na kuandika tarehe pembeni. Wa juzi uko vidole vinne chini ya ule wa Juni.