Siku Mwalimu Alipochomoa Waya

Juzi binti yangu alituma ujumbe ukakwama. Aliitazama kwa muda ile alama ya saa iliyoganda kwenye kioo cha simu, kisha akaniuliza, "Baba, simu inajuaje kwamba haujafika?" Swali lake lilinirudisha katika chumba tulichosomea mitandao ya kompyuta, siku mwalimu alipochomoa waya.

Kufikia siku hiyo tulikuwa tumekwisha kukariri matabaka saba ya OSI, modeli inayogawa kazi za mtandao kwa ngazi, kuanzia lile la nyaya na ishara hadi lile la programu, na tulijua kwamba ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ulihamia TCP/IP, kanuni ambazo kompyuta huzitumia kuwasiliana, tarehe 1 Januari 1983. Hayo yote yalikuwa daftarini tu.

Tulikuwa tukihamisha faili kubwa kati ya kompyuta mbili, katikati zikiwepo swichi mbili, vifaa vya kuunganisha kompyuta, na programu ya kunasa pakiti, yaani vipande vidogo ambamo data husafiri, ilituonyesha kila kilichopita. Tuliziona kompyuta zikianza kwa pakiti tatu: ya kwanza ikapiga hodi, ya pili ikakaribisha, ya tatu ikaitikia. Kisha data ikamiminika katika pakiti za baiti 1,500, ambapo baiti 20 ni kichwa, yaani maelezo ya mwanzoni, cha IP, inayozielekeza pakiti ziendako, na nyingine zisizopungua 20 ni kichwa cha TCP, inayohakikisha zimefika. Hapo ndipo mwalimu alipochomoa waya uliounganisha swichi.

Nilitarajia ujumbe wa kosa, lakini haukutokea. Badala yake pakiti ileile, yenye namba ileile ya mfuatano, ilitumwa tena, ikatumwa tena, na kila subira ilikuwa karibu mara mbili ya iliyotangulia. Mwalimu akaurudisha waya. Taa ya swichi ikawaka kijani, lakini faili halikusogea. Kimya hicho nakikumbuka mpaka leo: chini waya ulikuwa umepona, ilhali TCP huko juu haikuwa na habari, kwa sababu IP iliyo katikati haiahidi kufikisha pakiti wala haitoi taarifa kwamba njia imefunguka. TCP ilikuwa ikingoja tu zamu yake ya kujaribu. Kisha mstari mmoja ukatokea kwenye programu ya kunasa pakiti, uthibitisho ukarudi kutoka upande wa pili, na faili likaendelea kutoka baiti ileile lilipoishia. Nadhani ni wakati huo nilipoipenda kazi hii.

Nilimweleza binti yangu kwamba simu hungoja jibu, na lisipokuja, hutuma tena.

"Na jibu lenyewe likipotea njiani?"

Nikamwambia ukweli: kwa anayetuma, ujumbe uliopotea na jibu lililopotea ni kimya kilekile, naye hawezi kuvitofautisha. Hurudia mpaka idadi fulani ya majaribio, kisha huacha. Alinyamaza, akaitazama tena ile alama ya saa, nami sikuwa na la kuongeza.