Siku moja ya fundi wa mashine za nguo Dodoma, mvua zikiwa zimekolea

Saa 12:40 asubuhi

Simu ya kwanza inaingia sijapiga hata mswaki. Ndiyo kawaida ya Februari. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na nje ya hapo sijui nani anawasha mashine ya kukaushia nguo. Julai hapa ukianika jinzi saa 4, saa 7 unaikunja, japo upepo unakuwa umeipaka vumbi jekundu. Kwa hiyo draya nyingi zinalala stoo miezi saba, vumbi linaingia, mijusi inahamia, halafu mvua ikipiga siku tatu mfululizo kila mtu anaikumbuka ya kwake.

Saa 2:00

Chadulu. "Draya haizunguki." Nilijua kabla ya kufika kwamba ni ile mashine ya matangi mawili, upande wa kukamua. Kamba ya breki ilikuwa imelegea, breki inabaki imeshika pipa huku mota ikinguruma. Kijana wangu wa mafunzo kutoka VETA akaikaza mwenyewe, mimi nikashika tochi. Tukaondoka kabla chai haijamiminwa.

Saa 3:20

Ilazo, na hapa ndipo asubuhi yangu yote iliishia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi, karibu. Inazunguka vizuri tu, ila joto hakuna."

Hii ni draya hasa, ya bomba la kutoa hewa nje, wati 2,200. Kijana alishachomoa bisibisi. Nikamwambia aweke chini, tuulize kwanza.

"Kabla joto halijakata, nguo zilikuwa zinakauka kwa mzunguko mmoja?"

"Wapi! Tangu Krismasi tunarudia mara mbili, mara tatu. Ukifungua mlango joto linakupiga usoni, nguo ziko mbichi vilevile."

Jibu hilo lina thamani kuliko mita yangu. Watu wanadhani mashine hii inakausha kwa moto. Moto ni nusu ya kazi. Nguo za kilo 5 zilizokamuliwa vizuri bado zina lita 3 hivi za maji, na maji hayo lazima yaende mahali. Feni inavuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye hita, inaingia kwenye pipa, inabeba unyevu na kutoka nao nje kupitia bomba. Ukiziba njia ya kutokea, hewa ya moto yenye unyevu inabaki inazunguka mle mle. Joto lipo, ukavu haupo.

Nikachomoa plagi, tukaivuta, tukafungua mgongo. Hita kwanza, kwa sababu ndiyo kila mtu anayoilaumu. Nikamfundisha kijana hesabu ya ukinzani wa hita: volti 230 mara 230, gawanya kwa 2,200, unapata omu 24. Mita ikasoma 24 na kidogo. Tukapima kati ya hita na bati la mashine, umeme hauvuji. Hita nzima kabisa, na kama ningekuwa mtu wa kubadilisha vitu kwa kubahatisha, mama angelipia hita mpya bure.

Fyuzi ya joto ikafuata. Kidude kidogo cheupe, kinakaa kwenye njia ya hewa, kikipata joto kupita kiwango chake kinakata na hakirudi tena. Ilikuwa imekata.

Basi hapo mafundi wengi wanaweka nyingine, wanachukua hela, wanaaga. Fyuzi haikati kwa kuzeeka tu, mara nyingi kuna kilichoichokoza. Nikafuata waya mpaka kwenye nyumba ya hita na nikakuta nilichokuwa naogopa: kipande cha waya kimeruka thamostati ya usalama, ile inayokata umeme wa hita joto likizidi, kimefungwa tepu nyeusi. Kuna mtu aliyeitwa kabla yangu, akakuta thamostati inakatakata, akaona dawa ni kuinyamazisha. Ile ilikuwa inasema ukweli! Baada ya hapo kati ya hita inayochemka na lile rundo la nyuzinyuzi za nguo chini ya pipa ilibaki fyuzi peke yake. Mama huwa anaiwasha usiku, watoto wamelala.

Saa 4:30

Tukatafuta chanzo. Chujio la mlangoni lilikuwa safi, mama anajua kulisafisha. Bomba la nyuma lilikuwa limebanwa na ukuta kidogo, si sana. Nikatoka nje kuangalia tundu lake, na pale nikacheka peke yangu. Wavu wa mbu, ule wa dirishani, umekatwa duara zuri na kupigiliwa kwa skrubu. Nyuma yake nyuzinyuzi zimechanganyika na vumbi letu, zikalowana, zikagandamana unene wa kidole. Hewa haipiti kabisa.

"Huo tuliuweka wa makusudi," mama akasema. "Mijusi ilikuwa inaingia. Na vumbi la mwezi wa nane unalijua."

Nalijua sana, na simlaumu. Ila tundu la draya haliwekwi wavu wa aina yoyote, hata wenye matundu makubwa, maana nyuzinyuzi zitanasa tu. Linawekwa kifuniko chenye ulimi, feni ikipuliza unafunguka, ikizima unaanguka na kufunga. Tukapiga brashi bomba lote, tukafungua chini ya pipa tukatoa taka za kujaza mfuko wa sukari wa kilo mbili. Fyuzi ya kiwango kilekile ninayo kwenye boksi. Thamostati ya namba ile sina, na nikipiga simu mjini hakuna aliye nayo.

"Si uiunge hivyo hivyo fundi, kama yule mwenzako, kesho ubadilishe? Nina sare za shule na nepi za kichanga."

"Mama, hapo kwenye kuunga ndipo sifiki. Leo iwashe bila joto, hewa sasa inapita, zitapungua maji. Zimalizie kwa pasi."

Hakufurahi. Nikapiga Kariakoo palepale akisikia, nikasoma nyuzi za joto na namba zilizochongwa kwenye ile ya zamani, wakaahidi kuipakia basi la saa 7.

Saa 7:15 mchana

Ugali, mlenda, maharage. Mvua tena.

Saa 8:30

Karakana. Bwana mmoja ananisubiri na draya kubwa aliyoletewa na shemeji yake kwenye kontena kutoka Marekani. Plagi ina miguu minne minene. Anataka niikate niweke ya kwetu.

Nikamchorea kwenye boksi. Kule nyumba inapokea nyaya mbili za moto, kila moja volti 120. Hita inakaa kati ya hizo mbili, inapata 240. Mota inakaa kati ya mmoja na nyutro, inapata 120. Sisi tuna waya mmoja wa moto wa 230. Ukikosea, mota inaungua ukiwa bado umeshika swichi. Na hita ile inavuta zaidi ya ampea 20, soketi yetu ni ya 13. Hata ukiweka transfoma ya mota na laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme ya nyumba, umeme wetu ni hezi 50, wao 60, mota na feni vitakwenda polepole. Inawezekana, ila gharama yake ananunua nyingine mpya. Nikamshauri aiuze spea. Akasema atafikiria, maana yake anakwenda kutafuta fundi mwingine.

Saa 10:40 jioni

Lodge ya Area D, draya ya aina ya kukusanya maji kwenye tangi. Taa inasema tangi limejaa, na tangi tupu. Boya la kwenye kidimbwi cha chini limenaswa na utelezi wa nyuzinyuzi. Kusafisha tu. Meneja akaniongezea mfuko wa zabibu, zimeanza kutoka.

Saa 3:10 usiku

Stendi ya Nanenane. Basi limechelewa kidogo, utingo ananipa bahasha, namlipa elfu tano yake. Nafungua palepale, nalinganisha namba na ile ya zamani mfukoni. Zinalingana.

Namwandikia mama: kesho saa 2 niko kwako, na kifuniko cha ulimi nakuja nacho.

Anajibu: "Sawa fundi. Na mijusi je?"

"Haitapita mama. Wavu usiurudishe."