Nyumba ya mamangu kwa Kituruki

Juzi mwanangu alikuwa akitazama mabao ya zamani ya Samatta, enzi zile za Fenerbahçe ya Uturuki. Akakutana na maandishi, "Samatta'nın golü", akaniuliza: "Baba, mbona Samatta kawekewa mkia?" Nikamweleza haraka kwamba Waturuki hutia alama pande zote mbili: mwenye kitu anapewa -nın, na bao lenyewe linapewa -ü. Akaridhika, akarudi kwenye mpira. Mawazo yangu yakaenda Ankara, nilikosoma Kituruki mwaka mmoja.

Mwaka ule wa lugha ulikwenda mbio: bweni, chai, theluji, mitihani. Lakini kuna asubuhi moja ninayo yote. Hocam, ndivyo tulivyomwita mwalimu, aliandika ubaoni ev, nyumba, kisha akairefusha: eve, unapokwenda, evde, unapokuwapo, evden, unapotoka. Kwetu "nyumbani" moja hutosha kote, na kitenzi ndicho kinachosema unakwenda au unatoka. Akanigeukia: ya kwenu iko wapi?

"Tanga'da."

Ya nani?

Hapo akanijia mamangu, yeye na neno lenyewe. Maana na sisi tunavyo viambishi hivyo: mamangu, nduguye, mkewe, mwenzio. Annem ni mamangu, basi! Nikaanza polepole: annemin evi Tanga'da. Nyumba ya mamangu iko Tanga. Mkazaki niliyekaa naye akanong'ona kwa lugha yake, anamnıñ üyi, nyumba ya mamangu, alama zilezile pande zilezile. Lugha zao ni ndugu.

Kuna nini huko? Hocam hakuniachia. Nikashika bahçe, bustani, nikaongeza -si ya kumrudishia mama bustani yake, halafu n ya kuunganisha, halafu -de ya mahali. Vokali zikapatana zenyewe, kwa kuwa e ya mwisho ndiyo inayoamua zinazofuata. Annemin bahçesinde hindistancevizi ağacı var. Katika bustani ya mamangu kuna mnazi. Nilikitamka kila kipande nikiuona mnazi wenyewe, ule ulioinamia ukuta wa jirani, na makuti yake makavu ambayo mama hakupenda yatupwe. Mwindonesia wa nyuma akapiga makofi. Kwao pia minazi imejaa.

Sarufi nyingi ya mwaka ule imenitoka. Sentensi hiyo haijatoka, na sijui kama ni kwa ufundi wa hocam au ni kwa sababu mama yumo ndani yake.