Kiboksi cha sabuni kimenitoa jasho

Mteja alitaka kiboksi cha sabuni: upana sentimita 6, kimo 9, kina 3. Nikakichora kwenye Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, safi kabisa. Kesho yake: "Ongeza upana uwe 7.5, kina kibaki hivyohivyo." Mimi huyo, nikashika mchoro mzima nikauvuta pembeni, nikaprinti, nikakata. Kuja kukunja, kifuniko hakifiki! Kumbe mbavu nazo zimetanuka hadi 3.75, kifuniko kimebaki na kina cha 3. Hata ulimi wa gundi umenenepa bure.

Usiku ndipo nagundua humohumo kwenye Inkscape kuna kiendelezi, yaani zana ya nyongeza, cha maboksi ya kukunja. Unaandika upana, kimo, kina na unene wa karatasi, boksi linajichora. Na manila tatu nimeshaziharibu 😩