Fonti hazitibu disleksia

Mpwa wangu wa miaka tisa husoma "dada" palipoandikwa "baba", kisha husita, huweka kidole chini ya neno na kulirudia silabi moja moja huku jasho likimtoka puani. Ndiyo maana nilipoambiwa kwamba zipo fonti zilizobuniwa kwa ajili ya wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma kama huu wake, nilizipakua usiku uleule kwa matumaini makubwa.

Niliyoanza nayo ni Dyslexie, iliyobuniwa mwaka 2008 na Christian Boer, Mholanzi ambaye mwenyewe ana disleksia. Herufi zake zimeongezewa uzito upande wa chini ili zisipinduke machoni pa msomaji. Nia yake naiheshimu. Hata hivyo, dhana hiyo inaichukulia disleksia kama tatizo la macho, ilhali watafiti wengi wanakubaliana kwamba kwa walio wengi kiini chake ni ugumu wa kuoanisha herufi na sauti za lugha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watoto wenye shida ya kusoma waliisoma Dyslexie kwa kasi iliyozidi ile ya Arial, fonti ya kawaida ya kompyuta, kwa takribani asilimia 7, lakini Arial ilipopewa nafasi zilezile kati ya herufi na kati ya maneno, tofauti hiyo ilitoweka.

Basi kilichosaidia ni nafasi, ambayo programu yoyote ya kuandikia huiongeza bure. Sasa namchapia hadithi kwa fonti ya kawaida, herufi zikiwa zimeachana, na kila jioni tunatamka pamoja ba, da, bo, do, kidole chake kikiwa chini ya kila silabi.