Kazi yangu ni kutafuta meza ya dirishani: siku moja maishani mwangu

Watu wakisikia nafanya kazi gani wanacheka kwanza halafu wanauliza kama kuna nafasi. Niko kwenye wakala wa safari na kitengo changu ni hicho kimoja tu, mteja akisema nataka kula sehemu yenye mandhari ya kufa mtu basi anarushiwa kwangu, mimi ndo natafuta mgahawa, nachagua meza, nachagua na saa ya kukaa. Hii ni Alhamisi moja tu ya kawaida.

SAA 11 NA NUSU ALFAJIRI

Simu inaita kabla ya alamu. Kuna wateja wangu wawili wako fungate Hong Kong, huko kumeshakucha zamani na wameona hali ya hewa. Usiku wana meza kule ICC, lile jengo refu upande wa Kowloon, ghorofa ya 118, na wao wenyewe ndo waliing'ang'ania maana waliona kwenye video. Sasa huu ni mwezi wa tatu na Hong Kong mwezi wa tatu na wa nne ukungu unapanda upendavyo. Nafungua kamera ya laivu, jengo limekatwa katikati, nusu ya juu haipo kabisa. Ukipanda pale leo unalipia kuangalia weupe mtupu kama maziwa.

Namwandikia yule dada, mdogo wangu nawashusha chini, mtakaa Tsim Sha Tsui ukingoni kabisa mwa maji mkiangalia kisiwa, saa 2 kamili usiku taa za majengo ya ng'ambo zinaanza kucheza na mtaziona zote. Anajibu "lakini dada tulitaka juu". Najua. Wote wanataka juu. Namtumia picha ya kamera bila maneno mengine, dakika moja baadaye anajibu "sawa tushushe".

SAA 2 ASUBUHI

Ofisini. Chai, laptopu, orodha ya maombi. Karibu yote yameandikwa "mgahawa wa juu kuliko yote", yaani hapo ndo vita yangu na wateja inapoanzia, na siku hizi hata na bosi nabishana naye.

Urefu sio mandhari, jamani. Ukipanda sana mji unageuka ramani, unaona barabara na paa na viyoyozi vilivyowekwa juu ya paa, vitu havina tena uso. Halafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii: ukikaa ndani ya jengo maarufu, hilo jengo ndo kitu pekee usichokiona. Kuna mwandishi mmoja wa Kifaransa wa karne ya 19, inasimuliwa kwamba alikuwa anauchukia mnara wa Eiffel lakini anakula mlemle ndani, eti ni sehemu pekee Paris ambayo hauoni. Mimi stori hiyo nawapa wateja kila wiki, kama ni kweli au si kweli sijali, inafanya kazi. Mgahawa wa Le Jules Verne uko humo mnarani, mita 125 juu, una lifti yake kwenye nguzo ya kusini, na ni tukio la maana kabisa kula pale. Ila kama picha unayoitaka ni wewe na mnara nyuma yako, basi umekaa upande mbaya wa picha.

Mfano wangu ninaoupenda uko New York. River Café, upo tangu 1977, umejengwa juu ya tishari, ile boti bapa ya mizigo, chini ya daraja la Brooklyn, yaani upo usawa wa maji, ghorofa sifuri. Na mbele yako majengo yote ya Manhattan ya kusini yamesimama wima kuanzia miguuni hadi kichwani. Hapo umepata maji, umepata daraja, umepata majengo, vyote kwenye jicho moja bila kupanda hata ngazi.

SAA 4 ASUBUHI

Saa ya simu. Kuna kampuni inaleta wageni wake London mwezi wa 12, watu wengi kidogo, wanataka chakula cha usiku "waone mji ukiwa bado na mwanga". London mwezi wa 12 jua linazama mapema balaa, hata saa 10 jioni haijafika limeshaondoka. Mwezi wa 6 ni kinyume chake, linazama saa 3 na zaidi usiku, ukikaa saa 1 jua liko juu linakuchoma macho. Kwa hiyo hawa nawawekea saa 8 mchana, waanze na mwanga, katikati ya chakula jua lizame, wamalizie na taa. Meza moja, miji mitatu.

Nimewafikiria Shard. Jengo lina mita kama 310 lakini migahawa yake mikubwa iko ghorofa ya 31 mpaka 33, sio kileleni, na kwa maoni yangu hapo ndo penyewe, mto Thames bado una umbo la mto na Tower Bridge bado ni daraja. Lakini bosi anataka niwe na mbadala, kwa hiyo napiga sehemu nyingine ambayo siitaji jina.

"Meza namba 14 dirisha lake linaangalia wapi?"

"Linaangalia mjini."

"Mjini upande gani?"

Kimya. Nasikia anatembea, nasikia sahani, anarudi. "Kuna jengo."

"Jengo lipi?"

"Jengo tu, la ofisi."

Basi. Mtu anayepokea simu za bukingi hajawahi kukaa kwenye ile meza hata siku moja, na hii ni karibu kila mahali, sio huyu tu. Siku hizi siulizi kama meza ni ya dirishani, wote watakwambia ndiyo. Nauliza ukikaa kiti cha kulia unaona nini cha kwanza. Asipojua aende akakae.

SAA 6 NA NUSU MCHANA

Nimekula mezani huku nasoma maoni ya wateja wa migahawa. Kidokezo cha bure: acha picha za mgahawa wenyewe, zimepigwa na mtu aliyesimama, mwanga wa jioni, kioo cha dirisha kimesafishwa asubuhi ile. Tafuta picha mbaya mbaya za wateja, zile za usiku zenye kidole pembeni, hizo hazidanganyi.

SAA 8 MCHANA

Mama mmoja, mteja wa siku nyingi, anapiga. Yeye na mzee wanatimiza miaka mingi ya ndoa, watoto wamewalipia Dubai.

"Mwanangu, wanangu wameniambia wanatupeleka At.mosphere, ni wapi huko?"

"Shikamoo mama. Ni ndani ya Burj Khalifa, ghorofa ya 122, mita 442."

"Marahaba. Mia nne arobaini na mbili kwenda juu?"

"Ndiyo mama."

"Mzee wako lifti ya benki tu anashika ukuta."

Tumecheka hapo. Nikamwambia ukweli wote, kwamba lifti inapanda kwa kasi na masikio yanaziba kidogo, ukimeza mate yanazibuka, kwamba hewa ikiwa safi upeo wa macho ukiwa kule unafika kilomita kama 75 lakini siku nyingi vumbi linakula nusu yake. Nikamsimulia pia habari ya mwaka 2011, mashekhe wa Dubai walitoa maelekezo kwamba wanaofunga Ramadhani wakiwa ghorofa ya 80 mpaka ya 150 wasubiri dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya hapo dakika tatu, maana kule juu jua bado linaonekana wakati chini limeshazama. Hiyo ameipenda sana, akarudia mara mbili kwa mzee aliyekuwa pembeni.

Mwishowe tumekubaliana: chakula cha jioni wakae chini, nje, ng'ambo ya ziwa lililo chini ya mnara, wauangalie huo mnara wote mita 828 kuanzia chini hadi ncha. Watoto wakitaka kupanda wapande wao baada ya hapo. "Huyo mzee nitamwambia tumekosa nafasi kule juu," akasema mama. Kazi kwake.

SAA 10 NA NUSU JIONI

Ukaguzi. Hii ndo sehemu ya kazi ninayoipenda. Kuna mgahawa mpya juu ya paa umeomba kuingia kwenye orodha yetu na mimi siweki kitu kwenye orodha sijakikalia.

Meneja ananipokea, ananipeleka moja kwa moja kwenye ukingo, ananisimamisha, "unaonaje?" Naona vizuri sana. Sasa nakaa. Na hapo hapo mandhari yote inakatwa na bomba la chuma la kingo, limepita sawasawa kwenye macho. Ukisimama macho yako yako juu ya bomba, ukikaa yanashuka mpaka usawa wake, na mteja wangu hatakula amesimama. Nikahama kiti baada ya kiti, bomba lilelile, isipokuwa upande wa mashariki ambako wameweka kingo ya kioo na pale, aisee, pale pako safi, mji wote umelala mbele yako. Meneja akasema watu hawajawahi kulalamika. Nikamwambia hawalalamiki kwa sababu hawajui ni nini kinawasumbua.

Halafu nikaona winchi ya ujenzi kiwanja cha pili. Nikauliza panajengwa nini na ghorofa ngapi, akasema hajui. Hili ni swali ambalo kila mtu angepaswa kuliuliza, maana mandhari kwa kawaida sio mali ya mgahawa. Sheria ya Uingereza imeshikilia tangu hukumu ya 1610 kwamba huwezi kumshtaki jirani eti kakuzibia mandhari. Kinachosaidia ni mji wenyewe kuamua kulinda kitu, kama London walivyoweka masharti ya urefu wa majengo kuzunguka kanisa la St Paul's tangu 1937, ndo maana mpaka leo ukipanda kwenye paa la One New Change, ghorofa chache tu, hilo kuba liko mbele yako hujazibiwa na mtu.

SAA 12 NA NUSU JIONI

Bado niko pale, sasa nimehamia ndani nyuma ya kioo nasubiri giza. Jua likizama usikimbilie kuondoka, kuna kipindi kifupi mbingu bado ina bluu na taa za mji zimeshawaka, picha zote nzuri zinapigwa hapo. Karibu na ikweta kinapita chapu, ukichelewa kwenye foleni umekikosa.

Giza likaingia na kioo kikageuka kujitazamia. Ndani kukiwa na mwanga kuliko nje, kioo kinakurudishia sura yako na sahani yako na feni. Nikaona taa saba nane zinaning'inia juu ya mji kama vile zimetundikwa hewani, kumbe ni za kaunta nyuma yangu. Nikaomba wapunguze taa, weita akasema haziwezi kupunguzwa, ni kuwasha au kuzima. Zima basi. Akazima za upande mmoja na mji ukarudi, hata wale waliokuwa meza ya jirani wakageuka.

SAA 2 NA NUSU USIKU

Nyumbani, naandika ripoti. Wale wa fungate wametuma video ya taa, yule kaka sauti yake inasikika "bora tulivyoshuka". Nimeiweka kwenye faili la ushahidi wa kumwonyesha bosi.

Kuhusu mgahawa mpya nimeandika hivi: meza za mashariki tu, nje, mvua au upepo ukija tusihamishie watu ndani mpaka wabadilishe swichi za taa. Wapenzi wakae pembe kwa pembe wote wauone mji, sio mmoja aupe mgongo. Wenye kuogopa urefu wasipelekwe kabisa, sakafu ya ukingoni ina vipande vya kioo. Tuulize ile winchi kabla ya kusaini.

Bosi kasoma, kajibu swali moja. "Na chakula?"

Nikamwandikia kilichelewa sana ila upande wa mashariki hakuna mtu aliyegundua.