Kiberiti cha Nyanya

Mvua za El Niño zilipokuwa zikinyesha mwishoni mwa mwaka 1997, nilikuwa nikiishi na nyanya yangu Majengo, Pumwani, katika chumba ambacho bati lake lilivuja juu ya kabati la vyombo. Jioni moja stima ilipotea, na nilipochukua kiberiti ili niwashe taa ya mafuta nilikikuta kimelowa chepechepe. Kila njiti niliyoikwaruza ilibanduka kichwa na kuacha uji wa kahawia ubavuni mwa kisanduku. Uchochoro wa kwendea dukani ulikuwa umejaa maji.

Nyanya, ambaye alizaliwa Mombasa, alifukua majivu ya jiko mpaka akapata kaa moja lililokuwa bado jekundu, kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, nipe kile kiberiti upele."

Kikopo hicho nilikijua. Kilikuwa na unga wa manjano ambao aliuchanganya na mafuta ya nazi na kuwapaka watoto wa majirani waliopatwa na upele, ila sikuwa nimejiuliza kwa nini dawa ya ngozi iitwe kiberiti. Alichanja kibanzi chembamba cha kuni, akayeyusha unga kidogo kijikoni juu ya lile kaa, akachovya ncha ya kibanzi na kuiacha igande. Alipoigusisha kwenye kaa, mwali wa buluu, mdogo kama punje ya mpunga, ulitambaa kimyakimya hadi ukuni ukashika. Moshi wake ulitukaba koo.

"Hiki ndicho kiberiti chenyewe," alisema. "Hivyo vya dukani vimechukua jina tu."

Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nikisoma isimu, nilitambua jinsi alivyokuwa amesema kweli. Kibrit kwa Kiarabu ni salfa, ule unga wa manjano wa nyanya, na hata Waakadi wa Mesopotamia ya kale waliiita salfa kibritu. Kabla John Walker wa Stockton-on-Tees, Uingereza, hajaanza kuuza njiti za kukwaruza mwaka 1827, vibanzi vilichovywa katika salfa na kuwashiwa kwenye kaa, sawasawa na alivyofanya nyanya, na hivyo jina la madini likahamia kwenye kijiti. Waswahili walikuwa na ulindi, ule mti mgumu wa kupekechea moto, lakini neno la kigeni ndilo lililoenea. Ki yake ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, nasi tuliipokea kama ki ya kisu na kiti, tukapata viberiti, kama kitab ilivyotupatia vitabu. Wapo wanaoliita jambo hilo kosa. Mimi naliona kuwa ustadi mkubwa wa lugha yetu.

Usiku ule, taa ilipokwisha kuwaka, nyanya alichanja vibanzi vingine vitano, akavichovya kimoja kimoja, akavifunga kwa uzi na kunipa niviweke kwenye rafu ya mlangoni, mahali pasipovuja.